Watoto Wangu, kwa Majina Yao

Wewe uliyeketi kwenye benchi la mbao nje ya chumba cha daktari, kadi mkononi, ukitazama kila anayetoka uone ametoka na uso gani, nakuandikia wewe. Sikujui, lakini hilo benchi nalijua. Nililikalia mpaka nikajua ni ubao upi unaoshika nguo ukitaka kuinuka. Sitakueleza ugonjwa unavyoingia mwilini, hiyo ni kazi ya waliosomea. Nitakueleza mambo mawili tu. Kwanza, nilikaribia kufa na sikufa. Pili, nilipodhani ninakufa niliandika karatasi yenye kosa dogo ambalo lingewaacha watoto wangu bila nyumba. Kosa lenyewe lilikuwa maneno mawili. Niliyaandika mimi kwa mkono wangu mwenyewe, tena mimi mwalimu wa chekechea, kwa hivyo sina wa kumlaumu.

Naitwa Rael. Nyumbani ni huku juu ya Silibwet, ekari mbili za chai, kipande cha mahindi na ng'ombe watatu. Mume wangu, Kiplangat, alikuwa dereva wa lori. Alikufa barabarani nikiwa na mimba ya miezi minne ya kitinda mimba wetu. Shamba tulilinunua kwa mzee mmoja aliyehamia Sigor, na siku ya kikao cha bodi ya ardhi Kiplangat alikuwa safarini na mzigo, basi nikaenda mimi. Karani akauliza jina la mnunuzi, nikataja langu. Ndivyo hati ilivyotoka na jina la mwanamke. Kiplangat alipoiona alicheka mpaka akakaa chini. Kaka yake Wilson hakucheka.

Wilson ni jirani yetu, ua tu ndio unaotutenganisha. Ana watoto saba. Mimi nina watatu: Chebet, Kiprotich na Cherono. Wakati ninaosimulia, Chebet alikuwa na miaka tisa, Kiprotich sita, na Cherono alikuwa bado ananyonya. Binti wa kwanza wa Wilson naye ni Chebet. Kwetu jina hilo hupewa msichana aliyezaliwa mchana, na wanaozaliwa mchana ni wengi. Huyo wa Wilson alikuwa na miaka kumi na minne, basi tukamwita Chebet mkubwa na wangu Chebet mdogo, na maisha yakaendelea. Shika hayo majina, utayahitaji mbele.

Aliyejua kwanza kwamba nina ugonjwa ni Cherono. Alilikataa titi la kushoto. Alikuwa akilivuta mara moja, analiachia, halafu ananitazama kama mtu aliyepewa uji uliolala. Nikadhani ni meno. Nikajishika, nikakuta kitu kigumu, kidogo kama punje ya maharagwe. Ndio tulikuwa tunapanda mahindi, mvua za masika zimeanza. Nikaenda zahanati moja hapa karibu, nikaambiwa ni maziwa yameganda, nikandwe kwa kitambaa cha moto. Nikakanda. Nikakanda masika yote. Tulipopalilia mara ya pili kile kitu kilikuwa kama yai la kuku wa kienyeji, na ngozi ya hapo ilikuwa imevutwa kwa ndani. Mtu akikuambia ukande mwezi mzima na hakuna kinachopungua, usisubiri mwezi wa pili kama mimi. Ondoka uende kwingine, hata akikasirika.

Kwingine kwangu kulikuwa hospitali ya misheni. Nilikaa benchi siku tatu kwa mambo matatu tofauti: kushikwa, kuchomwa sindano ya kutoa kipande, na kusubiri jibu. Siku ya jibu daktari alikuwa kijana mwenye viatu vilivyong'aa, akawa anavitazama sana.

"Mama, una watoto wangapi?" akauliza.

"Watatu."

"Wakubwa?"

"Mdogo yuko hapa mgongoni."

Akavitazama tena vile viatu. Halafu akauliza nani angeweza kuwaangalia. Nikamwambia mimi. Akasema hakuwa na maana hiyo. Nikamwambia najua maana aliyokuwa nayo, na jibu langu ni hilo hilo. Sikuwa jasiri, nakuambia ukweli. Lakini nilikasirika, na hasira ilinisaidia kusimama na kutoka mle ndani kwa miguu yangu.

Upasuaji ulipangwa Agosti, ile miezi ya baridi ambapo mvua ya mawe inapiga chai ikabaki vijiti. Ilinibidi kumwachisha Cherono kunyonya kwa siku nne. Alilia, mimi nikalia, maziwa yakalowesha sweta. Aliyetuokoa ni Chebet mkubwa. Alivuka ua asubuhi bila kutumwa, akamfunga mtoto mgongoni na kwenda naye mbali ambako hasikii harufu yangu. Akawa anamrudisha akiwa amelala. Alifanya hivyo kila siku ya likizo yake, na hakuna siku aliyoniuliza itaisha lini.

Siku moja kabla ya kulazwa, mchana, nilichana karatasi katikati ya daftari la mahudhurio la chekechea nikaandika. Naikumbuka neno kwa neno. "Mimi Rael, mke wa marehemu Kiplangat, nikifa shamba, nyumba na ng'ombe ni mali ya watoto wangu. Walelewe hapa hapa nyumbani, wasitawanywe." Nikatia sahihi. Nikaipeleka kwa Wilson, kwa sababu kama kuna mtu nilidhani ataleta vita ni yeye.

Wilson aliisoma mara mbili. Mama yao, ambaye sote tunamwita Kogo kwa kuwa ndiye bibi ya watoto, alikuwa ameketi karibu na jiko akitaka kusomewa. Wilson akamsomea. Halafu akaikunja vizuri, akaitia ndani ya Biblia yake.

"Umeandika maneno ya mtu mzima, kobot Chebet," akaniambia. Ndivyo wanavyoniita, mama Chebet. "Hii iko sawa kabisa. Enda upasuliwe na roho safi."

Nilishangaa. Nilikuwa nimejiandaa kwa kelele, nikapewa baraka. Kesho yake akanisindikiza mwenyewe mpaka mlango wa wodi, chupa ya chai mkononi, akaomba sala ndefu. Nikasema moyoni kwamba nilikuwa nimemdhania vibaya shemeji yangu.

Nilipoamka nilikuwa nimefungwa kifua kizima. Upande mmoja ulikuwa tambarare, na mkono wa kushoto haukuinuka hata kushika kikombe. Sista mmoja mzee aliniletea beseni la maji ya vuguvugu, akaniosha uso na shingo polepole bila kusema chochote cha kunipa moyo. Wengine wote walikuwa wamesema. Yule aliniosha tu, na mpaka leo nikikumbuka hospitali nakumbuka yale maji.

Kitanda cha kando alikuwa Kwamboka. Yeye ni Mkisii, mchumaji wa chai katika shamba kubwa upande wa Kericho, mwanamke mwenye mikono myeusi ya utomvu na mdomo usiotulia. Ugonjwa wetu ulikuwa mmoja, ila yeye alikuwa ameondolewa upande wa kulia. Siku ya kwanza nilipoweza kuketi alinitazama akasema, "Wewe kushoto, mimi kulia. Tukisimama pamoja tunatosha mtu mmoja." Nilicheka nyuzi zikaniuma. Nilimtukana, na tukawa marafiki.

Kwa kuwa alinisumbua kwa maswali, nilimwambia habari zangu zote, pamoja na ile karatasi. Akanisifu. Yeye alikuwa hajaandika chochote, na nyumba aliyokaa ni ya kazi. Jumapili wakaja wageni. Wilson alikuwa amewaleta watoto wote, wake na wangu, wamevaa za kanisa. Wakaingia kwa mstari, kila mmoja akanipa mkono. "Chamgei, mama." "Umeamkaje, mama." "Pole, mama." Walipotoka Kwamboka alikuwa amekunja uso.

"Uliniambia watoto watatu," akasema.

"Ndio, watatu."

"Mimi nimehesabu kumi wakikuita mama."

"Wale wengine ni wa Wilson. Kwetu mtoto wa kaka ya mume ni mtoto wako. Hatuiti kwa jina lingine."

"Hakuna jina lingine?"

"Hakuna. Ni watoto wangu."

Alianza kucheka, halafu akaacha katikati. "Rael," akasema, "na kwenye ile karatasi uliandika nini?"

Nilikuwa nimeandika watoto wangu. Kwa wakili wa mjini, watoto wangu ni watatu. Kwa baraza la ukoo wetu, kwa Kogo, kwa chifu, kwa mzee yeyote ambaye angeitwa kuamua, watoto wangu ni kumi, na mwanaume mzima wa nyumba hiyo ni mmoja. Kumi wakigawana ekari mbili, anayesimamia ni Wilson. Sasa nikaelewa ile sala ndefu.

"Na Chebet wako ni yupi," akaongeza Kwamboka, "yule mrefu au yule mfupi?"

Sikulala mchana ule. Nilikuwa nimepasuliwa siku sita zilizopita, na kilichoniuma ni karatasi iliyokuwa ndani ya Biblia ya mtu.

Usinielewe vibaya. Wilson si mwizi. Hakudanganya hata neno moja. Alisoma kilichoandikwa kwa lugha ya kwao, ambayo ni lugha yangu pia, akafurahi kwamba nimekumbuka desturi. Ningekuwa mzima ningejivunia. Lakini nilikuwa nimeona mashamba ya wajane yakiingia kwenye boma la shemeji kwa upole hivyo hivyo, bila ugomvi, na watoto wa marehemu wakawa wa kuchunga ng'ombe wa binamu zao.

Baada ya kidonda kukauka nikaanza zile dawa za mshipa, kila baada ya wiki tatu, mara sita. Mwaka ule siuhesabu kwa miezi, nauhesabu kwa dripu. Dripu ya kwanza kucha zikawa nyeusi. Ya pili nywele zikaanza kubaki kwenye mto, na kabla hazijaisha zenyewe nikamwita Chebet mkubwa aje na wembe. Alininyoa nyuma ya nyumba, kwenye jua, kwa uangalifu sana. Chebet mdogo alisimama kando akiokota nywele na kuzitia kwenye karatasi ya sukari. Sikumuuliza za nini.

Harufu zilinigeuka. Kiwanda cha chai kikikausha majani, na upepo ukija upande wetu, nilitapika. Kogo aliniletea mursik kwenye kibuyu chake mwenyewe, maziwa aliyoyatunza kwa mkaa kama anavyofanya kwa mgeni wa heshima, nami nikashindwa hata kukaribia. Alikibeba kibuyu akaondoka. Siku hiyo niliona haya kuliko siku niliyovuliwa nguo mbele ya wanafunzi wa udaktari. Dripu ya pili ilipotulia nikapata wiki moja ya nguvu, nikaitumia kumwita Wilson.

Walikuja yeye na Kogo, wakaketi. Chebet mkubwa alikuwa mlangoni, Cherono mgongoni kwake, akimbembeleza. Nikasema nataka kuandika upya kwa wakili Kericho, safari hii kwa majina.

"Majina ya nini?" Wilson akauliza. "Si ulishaandika?"

"Niliandika watoto wangu. Nataka kuandika Chebet, Kiprotich na Cherono, na dada yangu Emily awe mlezi mpaka wakue."

Akahesabu kwa vidole. "Chebet ataolewa. Cherono ataolewa. Unawaandikia shamba waende nalo wapi?"

"Wakitaka wataolewa. Wakirudi watakuta mlango."

"Na hawa wangu? Wewe ndio mama yao. Leo umeanza kugawanya watoto?"

Kogo akatikisa kichwa. "Ya kwanza ilitosha, mtoto wangu," akasema. Akitaka jambo liwe zito huliongea kwa Kiswahili, na chake ni cha kujifunzia sokoni, b inakuwa p. "Ukiandika mara ya pili ni kama kukiita kifo. Mara ya kwanza hakikusikia. Usikisumpue."

"Kije, Kogo. Kitanikuta naandika."

"Ni dawa imeingia kichwani," Wilson akamwambia mama yake kwa Kipsigis, kama vile mimi sisikii Kipsigis. "Ametoka hospitali na maneno ya wageni."

Hapo nikachoka. Nilikuwa na kifua cha upande mmoja, kichwa cha upara, na ulimi uliojaa vidonda, na bado nilitakiwa kuongea kwa adabu. Nikasimama. "Wilson, watoto wote kumi nimewapenda na sijawahi kuwabagua sahani. Lakini niliowazaa mimi ni watatu. Watatu tu. Wale wengine wana baba."

Nilipogeuka nikakutana na macho ya Chebet mkubwa. Alimfungua Cherono mgongoni, akamweka chini taratibu kwenye mkeka, akakunja leso yake, akavuka ua akaenda kwao. Umri ule mtoto hajui kuficha uso. Nilitaka kumwita, lakini ningemwita na kumwambia nini? Nilichosema kilikuwa kweli na nilihitaji kiwe kweli. Nimekatwa kwa kisu cha daktari, na nakuambia siku ile iliuma zaidi.

Siku nane hakuja. Siku ya tisa, nikiwa chini baada ya dripu ya tatu, nikasikia sufuria jikoni. Akaingia na vitambaa vyangu vya kutapikia, amevifua na kuvianika vikawa vyeupe.

"Mama," akasema, "maji yamechemka."

Neno lilikuwa lile lile, mama. Nilimshika mkono nikalia, naye akanifuta uso kwa kitambaa kimoja kisha akalalamika kwamba sasa itabidi akifue tena.

Dripu ya nne ilipopita nilikwenda Kericho na Emily. Ofisi ya wakili ilikuwa ghorofa ya pili, nikapumzika mara tatu kwenye ngazi, wapita njia wakinipisha kama maiti anayetembea. Wakili alikuwa mtu wa mbali, hajui mambo ya kwetu. Akaomba vyeti vya kuzaliwa. Sikuwa navyo hata kimoja. Nilikuwa na kadi za kliniki tatu, zimekunjwa zikalainika, zenye uzito wa kila mmoja tangu alipozaliwa. Akazitazama, akasema zitafaa kuonyesha. Mimi nikamwambia aandike polepole. Chebet Faith, wa kwanza. Kiprotich Amos, wa pili. Cherono Mercy, wa tatu. Akaniuliza kama wasichana pia wanapata sehemu sawa. Nikamwambia akiniuliza tena nitashuka zile ngazi nimtafute wakili mwingine, na mimi ngazi siziwezi, kwa hivyo asiniulize.

Mashahidi walikuwa karani wake na Kwamboka. Alitoka kambini kwao amevaa gauni la Jumapili, upande wa kulia ameujaza sufu ya sweta kuukuu. Aliweka sahihi kubwa iliyotoka nje ya mstari. Mimi nikatumia karatasi iliyobaki mezani kumwandikia na yeye ya kwake, watoto wanne, kila mmoja na jina, waende kwa mama yake Kisii. Wakili akaikubali, mashahidi wakabadilishana viti. Kwamboka alikufa masika yaliyofuata. Watoto wake walikwenda kwa bibi yao kama karatasi ilivyosema, wote wanne pamoja.

Sijui kwa nini yeye na si mimi. Usitafute sababu, utapoteza nguvu unayoihitaji kwa kula.

Kiangazi, Januari na Februari, nilikaa Nairobi wiki tano nikipigwa miale ya kuua mabaki ya ugonjwa. Ngozi ikawa nyeusi na kuchubuka mpaka kwapani. Kule nako kulikuwa na benchi, na kwenye benchi wanawake wa kila kabila, na kila asubuhi tulihesabiana. Asiyekuja hatukumtaja, tulisogea tu tukaziba nafasi yake. Mchungaji mmoja alipita akatuambia tujiandae. Nikamuuliza yeye amejiandaa lini, maana magari huku mjini hayachagui. Wenzangu wakacheka mpaka sista akatoka kutunyamazisha. Kama utakuwa na nguvu ya kitu kimoja tu kwa siku, siku nyingine itumie kwa kucheka watu wa namna hiyo.

Niliporudi nyumbani nilikuta chai yangu imechumwa vizuri, na Juni yake nikaamka nikamkuta Wilson shambani na panga, ameshapogoa mistari minne. Sikumwomba. Tangu ile siku ya kugombana tulikuwa tunasalimiana kwa mbali. Alipogoa ekari zote mbili kwa wiki mbili, akanywa chai yangu, akarudi kwake. Kwa hivyo nikikusimulia habari za shemeji yangu nakuomba uyabebe yote mawili.

Mwaka ukaisha, ukaja mwingine, daktari mwenye viatu akaacha kutazama viatu vyake. Nywele zilirudi na mvi ndani. Mkono wa kushoto unavimba nikichuma chai muda mrefu, basi nachuma kwa wa kulia. Nikarudi chekechea. Wilson alikuja siku moja na kicheko, akasema, "Sasa umepona, hebu tuchome zile karatasi zote tusahau."

"Ya kwako unaweza kuchoma," nikamwambia. "Yangu haikuwa ya ugonjwa. Ni ya watoto."

Akaichoma yake kweli, pale jikoni kwangu, na mimi nikaangalia mpaka ikaisha.

Huo ungekuwa mwisho, lakini Desemba iliyopita Kiprotich alikwenda jandoni. Wilson ndiye aliyesimama kama baba, na alisimama vizuri. Kijana alipotoka alikuwa amepewa jina la baba yake kama ilivyo kwetu, sasa ni arap Langat, yaani mwana wa Kiplangat, na la utotoni hatakiwi tena kuitwa ovyo. Kwenye sherehe, watu wameshashiba, Wilson akanitania mbele ya wote. "Kobot Chebet, yule Kiprotich uliyemwandika kwa wakili hayuko tena. Umemrithisha mtu gani?"

Watu wakacheka, na mimi nikacheka. Halafu nikaacha. Miaka saba ile karatasi ilikuwa kabatini, na mimi niliyejiona mjanja wa majina nilikuwa nimesahau kwamba majina yetu wavulana hukua na kuyaacha. Nikakumbuka pia kwamba Emily amehamia kwa mumewe mbali, macho yanamsumbua, na kwamba shahidi wangu mmoja amelala Kisii.

Januari nikaenda Kericho. Nilimwambia Chebet mkubwa anisindikize kwa sababu ya zile ngazi. Ana miaka ishirini na moja sasa, alimaliza kidato cha nne na tunafundisha pamoja chekechea. Nilipanda ngazi zote bila kupumzika, yeye ndiye aliyehema.

Wakili amenenepa. "Mama," akasema, "bado uko?"

"Niko. Andika."

Tukaanza na kijana: Kiprotich Amos, ambaye pia ni arap Langat. Wasichana wakabaki walivyokuwa. Tukafika kwa mlezi wa kuwashika nikiondoka kabla hawajakomaa, wa kukaa nao katika nyumba ile na kuhakikisha hakuna anayetolewa.

"Chebet," nikasema.

"Chebet ni mrithi, mama, na bado ni mdogo."

"Si huyo. Huyu hapa. Binti wa Wilson."

Chebet mkubwa alikuwa akitazama dirishani. Akageuka. Akanitazama kwa macho yale yale ya siku ya mlangoni, ila sasa yalikuwa yamejaa machozi.

"Ni nani kwako?" wakili akauliza, kalamu imesimama.

"Mtoto wangu."

"Wa kuzaa?"

"Wa kuzaa umeshawaandika. Huyu muandike jina lake lote, halafu mbele yake uandike mtoto wangu. Safari hii najua ninachoandika."

Wakili akamgeukia, akamwomba ataje jina lake asije akalikosea. Akajifuta uso kwa kiganja, akanyoosha mgongo kwenye kiti, akalitaja herufi moja moja, kama nilivyomfundisha chekechea.